Kujifunza kwa vitendo ni nini hasa? Sayansi, hesabu na mazingira kwa watoto wa shule ya msingi

Hili jina siku hizi liko kila mahali, kwenye mitaala, kwenye semina za walimu, kwenye mabango ya shule za inglishi midiamu, "tunafundisha kwa vitendo". Mzazi akisikia hivyo anapata picha ya mtoto ameshika mkasi, anakata, anabandika, anapaka rangi. Hiyo ni sehemu tu, tena ndogo. Kujifunza kwa vitendo maana yake mtoto anapewa swali ambalo jibu lake hajaambiwa, anapewa vitu vya kushika, halafu jibu analipata kwenye vile vitu vyenyewe na siyo mdomoni kwa mwalimu. Kama jibu liliandikwa ubaoni kabla ya kushika chochote basi hicho kitendo ni cha kunogesha somo tu, hakijafundisha.

Tuchukue maharage maana karibu kila shule imewahi kuotesha maharage. Ilivyozoeleka ni mwalimu anaotesha kopo moja, analiweka dirishani, ikishaota analionyesha darasa zima, mmeona eeh, haya andikeni, mbegu ili iote inahitaji maji, hewa na joto. Watoto wameona, sawa, ila wamefanyiwa maonyesho. Sasa ligeuze somo hilohilo. Kila kikundi kiwe na chupa ya maji iliyokatwa juu, ndani kuna karatasi au pamba yenye unyevu, punje za maharage upande huu na za mahindi upande ule, zimebanwa kwenye ukuta wa chupa ili zionekane. Kabla ya chochote uliza: mzizi utatokea wapi? Na punje niliyoilaza kichwa chini, mzizi wake utaenda juu au utaenda chini? Kila mtoto achore anachofikiri kwenye daftari lake. Hapo kwenye kukisia usipapite haraka, kwa sababu mtoto aliyeshasema lake ndo atakayekuja kuichungulia ile chupa asubuhi kabla ya kengele, anataka kujua kama kapatia.

Baada ya siku chache wataona mizizi yote inaelekea chini hata ya zile punje zilizogeuzwa, yaani unaanza kutoka upande "mbaya" halafu unapinda wenyewe. Kisha inakuja tofauti ambayo watu wazima wengi hawajawahi kuiangalia vizuri: haragwe linajiinua, yale mapande mawili ya punje yanapanda juu pamoja na shina, mahindi punje inabaki palepale ilipo na kinachopanda ni jani lililochongoka tu. Acha wabishane kwa nini. Wakiendelea kuangalia wataona yale mapande ya haragwe yananywea siku hadi siku mpaka yanadondoka, na kuna mtoto atasema mwalimu, yanaliwa. Ndiyo, chakula kinatumiwa na mche, na mtoto wa darasa la tatu kafika hapo bila kusomewa. Sasa ndo unampa jina la kitaalamu kama lipo kwenye kitabu, jina lije nyuma ya kitu chenyewe.

Kwenye chupa hiyohiyo kuna hesabu. Kila siku wanapima urefu wa mche kwa rula, na hapa utagundua jambo ambalo mtihani wa kuchagua a, b, c, d haukuonyeshi: watoto wengi hawajui rula inaanzia wapi. Mwingine anaanzia kwenye ncha ya plastiki, mwingine anaanzia kwenye 1 kwa sababu kuhesabu kunaanza na moja, kwa hiyo mche wa sentimita 6 unakuwa 7. Vikundi viwili vikipima mche mmoja vikapata majibu tofauti, hilo siyo tatizo la nidhamu, hapo somo limenoga. Waulize nani kapima sawa na watajuaje. Wakishakubaliana wanaandika kwenye jedwali, siku na urefu, halafu wanachora grafu ya nguzo, na ile grafu inawaambia kitu kwa kuwa mche ni wao.

Kwa madarasa ya juu mfano ninaoupenda kuliko yote ni 22/7. Kila aliyesoma shule ya msingi huku kwetu anaijua, mzingo wa duara ni kipenyo mara 22/7, tumeikariri, ila ukimuuliza mtu imetoka wapi anakuangalia tu. Inachukua kipindi kimoja na uzi. Leteni kifuniko cha ndoo, sahani, sufuria, kizibo cha soda. Zungusha uzi pembeni, unyooshe kwenye rula, hiyo ni namba ya kwanza. Pima katikati kutoka ukingo hadi ukingo, hiyo ya pili. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Kifuniko chenye upana wa sentimita 30 kitatoa mzingo kama 94, ukigawanya ni 3.13. Sahani ya 24 itatoa kama 75, unapata 3.125. Kizibo kitasumbua kwa kuwa ni kidogo na uzi unateleza, huyu atapata 3.0 yule 3.3, andikeni zote ubaoni bila kufuta hata moja. Darasa linaona lenyewe kwamba kitu kiwe kikubwa kiwe kidogo jibu linaganda kwenye tatu na kidogo, na kwamba kosa la uzi linaumiza zaidi kitu kidogo kuliko kikubwa. Mtoto wa hivyo akiisahau fomula kwenye mtihani anaweza kuitafuta tena, aliyekariri akisahau ndo basi.

Mazingira nayo watu wanayabana kwenye kupanda miti na kuokota takataka. Vyote vizuri, lakini usafi peke yake ni zamu ya usafi. Jaribu mvua. Chukua chupa ya lita moja na nusu iliyonyooka, ikate chini kidogo ya mabega, kile kipande cha juu kigeuze kiwe kama faneli ndani ya cha chini. Kitako cha chupa kina mabondemabonde kwa hiyo weka kokoto na maji mpaka yafunike, chora mstari, hapo ndo sifuri. Iweke wazi mbali na mti na paa, na kila siku saa 3 asubuhi kikundi cha zamu kinasoma milimita ngapi zimeongezeka, kinaandika, kinarudisha maji kwenye mstari. Sasa hiyo milimita ni nini? Chora kwa chaki sakafuni mraba wa mita moja kwa mita moja. Mvua ya milimita 1 ikianguka hapo bila kumwagika ni lita 1 kamili, na darasa la sita wanaweza kuithibitisha kwa hesabu ya ujazo. Kutoka hapo twende kwenye paa. Pimeni chini, urefu na upana mpaka pale bati linapoishia nje ya ukuta, siyo kwa kufuata mteremko wa bati kwa sababu mvua inatoka juu na haijali mteremko. Tuseme ni mita 9 kwa 7, hiyo ni mita za mraba 63. Mvua moja ya milimita 20 inaleta lita 1,260, ndoo 63 za lita ishirini, kutoka kwenye paa la darasa moja! Dodoma inapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, paa hilohilo lingeshusha karibu lita 36,000 (kuna yatakayopotea kwenye gata, nayo ni swali zuri la kupima). Watoto wanaobeba madumu asubuhi kwenda shule wakiipata hiyo namba wenyewe, wataanza kuuliza kwa nini hatuna tenki.

Haya mawazo siyo mageni wala hayakuletwa na mtaala mpya. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896 watoto wakipika, wakishona na kufanya useremala ili wajifunzie humo. Huku kwetu Mwalimu Nyerere kwenye andiko la Elimu ya Kujitegemea la 1967 aliandika kwamba sifa za mbolea zielezwe kwenye somo la sayansi halafu wanafunzi wazione zinavyofanya kazi na mipaka yake shambani. Miaka hiyohiyo ya 60 kulikuwa na mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, na mojawapo ya masomo yake ilikuwa watoto kumchunguza yule mdudu anayechimba kishimo cha mviringo kwenye mchanga mkavu na kungoja sisimizi adumbukie. Kwa maoni yangu tulichopoteza njiani ni swali. Shamba la shule lilibaki, jembe likabaki, kulima kukawa kazi na sehemu nyingine adhabu. Tuta mbili, moja lina samadi na jingine halina, mbegu ileile, nafasi ileile, maji yaleyale, unabadilisha kitu kimoja tu halafu unahesabu na kupima, hapo jembe limegeuka kuwa sayansi. Bila hivyo ni kulima tu.

Darasa lina watoto themanini, najua, na mwalimu ni mmoja. Haiwezekani kila siku na hakuna haja ya kila siku. Vikundi vya sita au saba, kila mtu na kazi yake, huyu anapima, huyu anaandika, huyu anashika chupa, na kesho wabadilishane la sivyo wasichana wataandika tu na wavulana watashika vitu mwaka mzima, hili linatokea sana. Kelele zitakuwepo.

Kwa wazazi, hasa Kenya ambako mtaala wa umilisi (CBC) ulianza nchi nzima 2019, malalamiko ya kuprinti na kununua vifaa kila wiki yana msingi. Kazi ambayo lazima mzazi aende dukani na akeshe akiitengeneza yeye haimfundishi mtoto kitu. Kazi nzuri ya nyumbani ni kama kuhesabu ndoo za maji zinazotumika nyumbani kwa siku na kwa matumizi gani, au kupima kivuli cha mti asubuhi, mchana na jioni. Na mkiotesha mbegu tumieni maharage na mahindi ya kula kutoka jikoni, zile mbegu za kupandia zilizopakwa rangi nyekundu au kijani zina dawa, mtoto asizishike.