Ukuaji wa kipeo si jina jingine la kukua haraka

Nimemwona tena mwalimu wa sayansi akichora ubaoni ule mstari wa bakteria: unalala chini, unainuka kidogo, kisha unapaa wima mpaka chaki inagonga fremu. Chini yake akaandika: "Idadi ya watu duniani inakua kwa kipeo." Darasa zima likanakili. Kwa bakteria wenye chakula na nafasi ya kutosha, ni sawa. Kwa binadamu si kweli.

Ukuaji wa kipeo ni ule ambao kila kipindi huongeza asilimia ileile ya kilichopo. Basi. Kitu kinachokua kwa asilimia 1 kila mwaka, bila kubadilika, kinakua kwa kipeo, japo kitahitaji kama miaka 70 kufika maradufu.

Nadhani neno lenyewe linatuponza. Kipeo ni ndugu wa upeo, pale macho yanapokomea. Katika mazungumzo ya kawaida kipeo ni kilele: mtu amefika kipeo cha umaarufu. Hisabati ikalichukua kwa ile namba ndogo inayokaa begani mwa nyingine, na hapo maana ya kilele ikaachwa, kwa sababu ukuaji wa kipeo kwenye karatasi hauna kilele wala mwisho. Msikilizaji lakini hubaki na picha ya kitu kilichopanda juu sana, na tangu hapo kila kilicho kikubwa huitwa cha kipeo.

Kipimo kizuri ni muda wa kufika maradufu. Katika ukuaji wa kipeo muda huo haubadiliki hata kidogo. Sasa tazama watu. Kutoka bilioni 1, takriban mwaka 1804, hadi bilioni 2 mwaka 1927: miaka 123. Kutoka bilioni 3 mwaka 1960 hadi bilioni 6 mwaka 1999: miaka 39. Kutoka bilioni 4 mwaka 1974 hadi bilioni 8 mwaka 2022: miaka 48. Muda ulifupika, kisha ukaanza kurefuka. Yaani kwanza tuliupita mwendo wa kipeo, baadaye tukabaki nyuma yake. Umoja wa Mataifa, katika makadirio yake ya 2024, unatarajia idadi ifike kilele cha kama bilioni 10.3 katika miaka ya 2080, kisha ianze kushuka taratibu.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona basi kila mwaka watu huongezeka kwa karibu milioni 70? Hapo ndipo penye somo. Asilimia 2 ya bilioni 3 ni milioni 60. Asilimia 0.9 ya bilioni 8 ni milioni 72. Asilimia imeshuka zaidi ya nusu, ila inapigwa kwenye idadi kubwa zaidi. Ongezeko, yaani idadi ya watu wanaoongezeka, ni kitu kimoja; kasi ya ongezeko, yaani ile asilimia ya kila mwaka, ni kingine, na vitabu vingi huviandika kana kwamba ni kimoja.

Kwa hiyo, mwalimu, mstari wako usiufute. Chora mwingine chini yake, wa asilimia ya kila mwaka, kwa miaka ileile, wauone ukipanda hadi miaka ya 1960 na kuteremka. Kwenye daftari waandike: "Idadi ya watu bado inaongezeka, lakini kasi ya ongezeko inapungua."