Uchovu na kuchanika kwa misuli ya nyuma ya paja
Wengi huamini kwamba misuli ya nyuma ya paja huchanika kwa sababu tu mkimbiaji hakupasha mwili joto wala kujinyoosha. Kupasha mwili kuna faida, lakini dhana hiyo huusahau uchovu, ambao kwa maoni yangu unastahili kuangaliwa zaidi. Mtu anapokimbia kwa kasi, misuli hiyo hurefuka huku ikikaza ili kuudhibiti mguu uliorushwa mbele, muda mfupi kabla unyayo haujagusa ardhi. Ikichoka, hukaza kwa nguvu pungufu, hivyo hufyonza nishati ndogo zaidi kabla ya nyuzi zake kukatika. Ndiyo maana katika soka majeraha haya huongezeka kuelekea mwisho wa kila kipindi, ilhali mwili umekwisha kupata joto.