Kubadilisha dari ya kabini ya pikapu ya zamani

Dari za pikapu za zamani hazifungwi kwa namna moja. Nyingine ni kadibodi ngumu iliyovishwa kitambaa chenye sponji. Hizo hazina ugumu mkubwa: kwangua sponji kuukuu mpaka kadibodi ibaki kavu na safi, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya unga wa sponji iliyooza.

Kazi ya kweli iko kwenye dari za reksini zinazoning'inia kwa fito za chuma. Kila ufito hupita ndani ya mfuko ulioshonwa nyuma ya reksini, na ncha zake huingia kwenye matundu pembeni mwa paa. Fito hizo hazilingani urefu wala mpindo, kwa hiyo zipe namba kabla hujazitoa, na uandike upande wa kushoto ni upi. Ukikuta matundu zaidi ya moja kwa ncha moja ya ufito, weka alama kwenye lililotumika; hilo ndilo linaloamua dari ishuke kiasi gani.

Paa likiwa tupu, usikimbilie kufunika. Sugua kutu, paka rangi, mwagia maji juu uone kama mpira wa kioo unavuja. Bandika kizuia joto na upitishe waya wa taa sasa hivi. Mimi husisitiza vioo vya mbele na nyuma vitolewe, maana ukingo wa reksini hukunjwa na kujificha chini ya mpira.

Anika reksini juani ilainike. Ingiza ufito wa nyuma kwanza na uufunge imara usivutwe mbele, kisha fuata zilizobaki. Hapo ndipo wengi huharakia gundi. Subiri! Shika kingo kwa vibanio tu. Vuta katikati mbele, katikati nyuma, halafu sogea polepole kuelekea kwenye kona. Ubavuni iwe mwisho, ukivuta kwa kufuata mishono ili isipinde. Rudia mpaka iwambike kama ngozi ya ngoma.

Gundi iwe ya kustahimili joto, kwa sababu paa la bati juani huchemka. Paka kwenye chuma na kwenye reksini, acha ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike kipande kwa kipande ukitoa kibanio kimoja kimoja. Mikunjo midogo huondoka kwa hewa ya moto, ikipulizwa kwa mbali. Mikubwa haiondoki hivyo: bandua, uvute upya.

Usikate ziada mapema. Acha sentimita 2 au 3 mpaka mpira wa kioo urudi mahali pake. Skrubu za vikinga jua nazifunga kwenye matundu yake kabla ya kutundika dari, ili nizipapase kwa kidole juu ya reksini na kutoboa palepale. Tundu la taa hukatwa mwisho kabisa, dogo kuliko taa yenyewe, reksini ikiwa imeshashikwa pande zote.