Riwaya ya kisayansi haiendi kwa zamu

Nimeletewa tena, hapa Arusha, mswada wa bunilizi ya kisayansi ambao sura ya kwanza inaeleza dunia ya hadithi, ya pili ina mapigano, ya tatu ina fumbo, kisha mzunguko unaanza upya kama ratiba ya mgao wa umeme. Mwandishi wake, kijana wa Moshi mwenye kipaji, anajitetea kwa adabu: "Mwalimu, nimezingatia uwiano." Wote husema hivyo. Huko ni kupokezana zamu tu, na msomaji hutambua upesi sura zipi za kuruka.

Ninachodai ni kigumu zaidi: jambo moja la dunia hiyo lizae tukio na fumbo kwa pamoja. Tuchukue sayari ya Mirihi, kwa kuwa miswada mingi huishia huko. Ujumbe wa redio kutoka Duniani, ambao husafiri kwa kasi ya mwanga, huchukua kama dakika 3 kufika huko wakati sayari hizo mbili zinapokaribiana kabisa, na kama dakika 22 zinapokuwa mbali kabisa. Kijana wangu amelieleza hilo kwa kurasa tatu, kisha hakulitumia popote. Sasa chukulieni kwamba sayari ziko mbali kabisa, fundi wa zamu kule Mirihi anaomba ruhusa Duniani ya kumfungulia mlango mtu aliye nje, na jibu linamfikia baada ya dakika 9, ilhali la kweli lingehitaji kama dakika 44, kwenda na kurudi. Nani amejibu, na yuko wapi hata akawa karibu hivyo? Mlango ufunguliwe au usifunguliwe?

Hesabu hiyo lazima msomaji awe nayo mapema, ila si kwa mhadhara. Fundi amtumie mama yake wa Machame shikamoo, aoshe vyombo, ashone soksi, na marahaba iwe bado njiani. Kuhusu mapigano sina mengi: yawe mafupi, na mtu apoteze kitu.

Linaloniudhi hasa ni kuchanganya fumbo na ufichaji. Ikiwa fundi ndiye msimulizi, tumekaa kichwani mwake tangu ukurasa wa kwanza, tunajua hadi anachokiota, naye ameitambua sauti iliyomjibu, basi kutunyima jina hilo hadi sura ya ishirini si taharuki bali ni udanganyifu. Msimulizi wa nafsi ya tatu anayewatazama wahusika kwa nje tu anaweza kunyamaza, mradi awe amezoea kunyamaza. Asipatwe na ububu siku ile tu mwandishi anapouhitaji.

Nisichoweza kukipima ni kiasi cha dokezo. Msomaji wa haraka ataipita ile shikamoo bila kuiona, na makini atabashiri kila kitu papo hapo. Tena wapo wasomaji wanaozipenda kurasa tatu za maelezo kwa ajili yake zenyewe, na sina hoja ya kuwakosoa. Katika mswada huu nimezikata hata hivyo.