Presha ya boila ni kitu gani hasa

Baridi inapoingia Uingereza, mazungumzo ya Waswahili waishio huko hujaa habari za boila, mtambo unaopasha joto nyumba na maji, na ndani ya mazungumzo hayo neno presha hubebeshwa mzigo usio wake. Rejeta za ghorofani, yaani vyuma vya ukutani vinavyotoa joto chumbani, zikiwa baridi, husemwa kuwa ni presha. Maji ya moto bafuni yakitoka kwa unyonge, ni presha. Boila ikizima usiku na kuonyesha namba ya hitilafu, shauri la kwanza analopewa mwenye tatizo ni kufungua vali zilizo chini ya boila aongeze presha. Shauri hilo lina mahali pake, lakini mara nyingi hutibu kisichoumwa, na likirudiwa wiki baada ya wiki huuharibu mfumo wenyewe.

Presha ya boila ni msukumo wa maji yaliyofungiwa ndani ya mzunguko wa kupasha nyumba joto, yaani ndani ya boila, mabomba na rejeta. Hupimwa kwa kizio kiitwacho baa na husomwa kwenye kipimo chenye mshale kilicho mbele au chini ya boila. Mfumo ukiwa baridi, boila nyingi za nyumbani hutakiwa kusoma kati ya baa 1 na baa 1.5, na mfumo ukipata moto mshale hupanda kiasi kwa kuwa maji yanayopashwa hutanuka. Maana yake ni hiyo tu.

Mkanganyiko huanzia kwenye umbo la boila ya kombi, ambayo hushughulikia maji ya njia mbili zisizochanganyika. Njia ya kwanza ni hiyo iliyofungwa: maji yale yale huzunguka miaka na miaka kutoka kwenye boila hadi kwenye rejeta na kurudi. Njia ya pili iko wazi: maji safi ya kampuni ya maji huingia yakiwa baridi, hupita kwenye kibadilisha joto kilichoundwa kwa mabamba membamba ya chuma, kisha hutoka kwenye koki yakiwa moto, bila kuhifadhiwa katika tangi lolote. Maji ya njia hii ya pili husukumwa na nguvu ya bomba la barabarani, na kipimo cha boila hakiyahusu hata kidogo. Kwa hiyo mtu anayeoga kwa maji dhaifu angefungua kwanza koki ya maji baridi ya jikoni. Kama nayo ni dhaifu, tatizo liko kwenye maji yanayoingia nyumbani. Kama ya baridi yana nguvu na ya moto hayana, huenda kichujio au kibadilisha joto kimeziba, jambo lisilo geni London na kusini-mashariki mwa Uingereza, ambako maji yana chokaa nyingi. Katika hali zote mbili, kupandisha mshale kutoka baa 1 hadi baa 2 hakutaongeza hata tone.

Wala presha si joto. Maji ya rejeta huzungushwa na pampu, na kazi ya presha ni kuhakikisha mzunguko umejaa maji hadi rejeta ya juu kabisa na kuzuia hewa isipate nafasi. Baa 1 hutosha kuinua maji kiasi cha mita 10, kimo ambacho nyumba nyingi za ghorofa mbili hazikifikii. Ikishatosha imetosha. Rejeta iliyo baridi juu na moto chini ina hewa ndani yake. Iliyo moto juu na baridi chini imejaa tope jeusi la kutu. Rejeta zote zikiwa baridi ilhali maji ya bafuni yanatoka moto, inafaa kutazama kwanza saa ya kuwashia na thamostati ya ukutani, kisha kuishuku vali inayogeuza njia ya maji ya moto kati ya rejeta na koki, kwa sababu vali hiyo ikikwama upande wa koki rejeta hazipati kitu. Na pale koki na rejeta zote zimekosa joto, mwenye mita ya gesi ya kulipia kabla angekagua salio kabla ya kugusa vali yoyote. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopona kwa kuongeza maji.

Kwenye suala la kuongeza maji ndiko nisikoweza kunyamaza. Mzunguko uliofungwa haunywi maji. Kama mshale umeshuka, maji yametoka, na yametoka mahali fulani. Pengine mtu ametoa hewa kwenye rejeta, na hapo kushuka ni jambo la kawaida, basi mfumo hujazwa mara moja na mambo yakaisha. Lakini mshale unaoshuka kila baada ya siku chache unaeleza kuwa kuna uvujaji, kwenye maungio ya rejeta, chini ya sakafu au ndani ya boila yenyewe. Kila maji mapya yanayoingizwa huja na oksijeni, oksijeni hutengeneza kutu ndani ya rejeta za chuma, na kutu hiyo ndiyo lile tope jeusi linaloziba rejeta na kuchosha pampu. Anayejaza kila wiki anadhani anaitunza boila, kumbe anailisha kutu.

Kuna sura nyingine inayowachanganya hata watu makini: mshale unaopanda sana boila ikiwaka na kuanguka karibu na sifuri ikipoa. Wengi huuita uvujaji, ilhali mara nyingi chanzo ni tungi dogo lenye kiwambo cha mpira, maji upande mmoja na upepo upande wa pili, lililowekwa ili kupokea maji yanapotanuka. Upepo ukiisha au kiwambo kikipasuka, maji yanayotanuka hukosa pa kwenda, presha hufika baa 3, vali ya usalama hufunguka na kuyamwaga nje kupitia bomba dogo la shaba ukutani. Yakipoa, yaliyobaki hayatoshi. Aliye nyumbani hujaza tena, na asubuhi inayofuata hukuta hali ile ile.

Kinyume chake, mshale ukipanda pole pole hata boila ikiwa imezimwa, huenda mpira wa kujazia, ule unaopitisha maji ya bomba kuingia kwenye mzunguko, haukufungwa sawasawa pande zote mbili, au maji ya koki yanapenya kuingia upande wa rejeta ndani ya kibadilisha joto.

Kusoma kipimo, kutoa hewa na kujaza maji kwa kufuata kitabu cha boila ni kazi ya yeyote aliye nyumbani. Chochote kinachohusu gesi, au kinachohitaji kufungua kifuniko kinachozuia moshi wa boila, ni cha fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI mwaka 2009, na mpangaji ana haki ya kumwomba kadi yake. Kwa kawaida matengenezo ya boila ni jukumu la mwenye nyumba, naye analazimika kisheria kukaguza vifaa vyake vya gesi kila miezi 12. Harufu ya gesi haingoji fundi: hupigwa simu 0800 111 999.

Hivyo anayempigia fundi au mwenye nyumba na kusema tu kwamba boila ina shida ya presha bado hajasema kitu. Ingefaa aseme mshale ulikuwa wapi na sasa uko wapi, umechukua saa au wiki ngapi kufika hapo, aliusoma mfumo ukiwa baridi au moto, na kama bomba la shaba lililo nje linadondosha maji. Na kama mshale haukusogea kabisa, basi neno presha aliache, aeleze kinachoonekana: rejeta ipi ni baridi, sehemu yake ipi, na maji ya koki yakoje.