"Ana chanjo zote, daktari"

Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie. Kuna sentensi imenichosha masikio hapa kliniki, mimi daktari wa mifugo, kutoka kwa wanaotaka kusafiri na mbwa wao nchi za nje: "Ana chanjo zote, daktari, tunaomba muhuri tu." Wanaoisema ni watu wema, wanaompenda mbwa wao, na mkononi wana kadi ya chanjo iliyojaa stika. Karibu kila mara tiketi imeshalipwa. Ni mapumziko ya siku nne, Vienna au Lisbon, hoteli inapokea wanyama, na mkahawa wenye meza za nje umeshachaguliwa kwa picha za mtandaoni. Imebaki wiki moja. Hapo mtu mbaya nageuka kuwa mimi.

Kadi inasema kuna mbwa fulani alichomwa sindano siku fulani. Afisa wa mpakani ana swali jingine: mbwa huyu aliyesimama mbele yangu aliwekewa alama ya utambulisho lini, kichaa cha mbwa alichanjwa lini baada ya hapo, na siku ngapi zimepita tangu wakati huo? Yote ni hesabu ya tarehe. Chanjo nyingine zote mlizolipia, za homa ya mbwa, parvo na kikohozi, zina faida kubwa kwa mbwa, lakini kwa mlango wa Umoja wa Ulaya hazimsogezi hata hatua moja.

Tuanze na chipu, kile kijidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi. Inatakiwa iwe ya viwango vya ISO 11784 na 11785, ile ya tarakimu 15, na iwe imewekwa kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku ileile. Narudia kwa sababu hapa ndipo ugomvi unapoanzia: kabla. Mbwa aliyechanjwa kila mwaka kwa miaka sita, akaja kuwekwa chipu mwezi uliopita, kwa sheria hizi hana chanjo. Miaka sita yote haihesabiki. "Lakini ni mbwa yuleyule!" Najua. Wewe unajua, mimi najua, na mbwa mwenyewe anajua. Karatasi haijui. Stika ya chanjo isiyofungamana na namba iliyomo mwilini inaweza kuwa ya mbwa yeyote wa kahawia mwenye masikio yaliyolala, na wapo wengi. Dawa yake ni rahisi na haina maumivu makubwa: soma chipu, choma chanjo upya leo, andika namba na tarehe, anza kuhesabu. Kwa kawaida dozi ya ziada haimdhuru mbwa mzima wa afya. Kinachoumia ni tiketi.

Na wenzangu wa taaluma, tafadhali, tusome chipu kabla ya kila sindano, hata kwa mbwa tunayemfahamu kwa jina. Chipu huhama. Huwekwa katikati ya mabega, baadaye unaikuta karibu na kiwiko. Kuna nyingine hazisomeki kabisa, na ni heri jambo hilo ligundulike kliniki kuliko uwanja wa ndege. (Kwa wanaouliza kuhusu tatuu: Ulaya inaikubali ikiwa ilichorwa kabla ya tarehe 3 Julai 2011. Ukiwa na mbwa wa umri huo, mwache mzee alale.)

Baada ya chanjo ya kwanza ni kusubiri siku 21, na mtoto wa mbwa hachanjwi kabla ya wiki 12. Hili watu wanalielewa. Wasilolielewa, na ndilo linaloninyima usingizi, ni maana ya "ya kwanza". Chanjo ina tarehe ya mwisho. Ukirudia kabla ya tarehe hiyo, mnyororo unaendelea na hakuna kusubiri. Ukichelewa siku moja, moja tu, chanjo unayochoma leo inahesabiwa kuwa ya kwanza maishani mwa mbwa huyo, na siku 21 zinaanza upya. Kinga ya mwilini haikuzimika usiku wa manane kama taa, na hakuna daktari anayeamini hivyo. Lakini sheria lazima ikate mahali, na imekata hapo. Mtu akiniambia "tumepitiliza wiki tu, daktari," natabasamu kisha naomba kalenda.

Sasa damu. Nchi zimegawanywa: zilizomo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya, ya nchi ambazo udhibiti wao wa kichaa cha mbwa unaaminiwa, na zisizomo. Nchi nyingi za Afrika hazimo. Mbwa anayetoka kwenye nchi isiyo katika orodha hupimwa kingamwili za kichaa cha mbwa katika maabara iliyoidhinishwa, na matokeo yasipungue yuniti 0.5 za kimataifa kwa mililita. Damu hutolewa angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha husubiriwa miezi mitatu kutoka siku ya kutoa damu, si siku majibu yalipofika kwa barua pepe. Piga hesabu ya mbwa anayeanza sifuri leo: siku 30 na miezi mitatu. Mtu anayeniambia wiki moja, nimjibu nini?

Kuna habari njema ndani ya mkosi huu, na karibu hakuna anayeijua. Kipimo hakirudiwi. Ukishafaulu, matokeo yanabaki halali muda wote ambao chanjo haijakatika. Ndiyo maana ile siku moja ya kuchelewa inaniuma mara mbili: haikuanzishii upya siku 21 peke yake, inakufutia na kipimo cha damu. Na kwa wanaoishi ndani ya Umoja wa Ulaya wanaotaka kwenda na mbwa nchi isiyo katika orodha na kurudi naye: pimeni kabla ya kuondoka, majibu yaandikwe kwenye pasipoti ya mbwa, na ile miezi mitatu haitawahusu wakati wa kurudi. Mkipima baada ya kutoka, mtasubiri nje kama wengine. Tofauti ni ziara moja tu ya kliniki, na bado watu huja kuniuliza wakiwa wameshafika huko.

Hiyo 0.5 yenyewe ina utata. Ni mstari uliochorwa na watu kwa sababu nzuri, ila mwili wa mbwa hauujui. Mbwa mwenye 0.4 anaweza kuwa na kinga imara kabisa. Kingamwili za kwenye damu ni sehemu tu ya ulinzi. Tena waliochanjwa mara moja tu maishani hufeli zaidi kuliko waliochanjwa mara mbili, na kwa wengine kiwango hupanda halafu kikashuka haraka, kwa hiyo siku unayotoa damu inaweza kuamua majibu. Mimi kwa mbwa anayeanza upya napendelea dozi mbili kabla ya kupima. Vitabu havinilazimishi, na mwenye mbwa huona namwongezea gharama. Labda. Lakini kufeli nako ni gharama, na ni miezi.

Yanayobaki nitayapitia mbio. Cheti cha afya kinaidhinishwa na daktari wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya kuingia. Barua yangu yenye nembo nzuri ya kliniki haitoshi. Mbwa na mwenyewe wasipishane zaidi ya siku tano, la sivyo safari inahesabiwa ya kibiashara na karatasi zinabadilika. Pasipoti za mbwa zilizotolewa Uingereza hazikubaliki kuingilia Umoja wa Ulaya tangu 1 Januari 2021. Inahitajika cheti kila safari. Japani inataka chanjo mbili baada ya chipu, kipimo cha damu, na kusubiri siku 180. Marekani, tangu Agosti 2024, haipokei mbwa wa chini ya miezi sita, na anayetoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa ana masharti ya ziada. Australia ina karantini, kwa hiyo mapumziko ya siku nne na mbwa huko, sahau.

Kwa Uingereza ongeza hili: mbwa wa kawaida haruhusiwi kuingia kwa ndege akiwa ndani na abiria. Anaingia kama shehena. Treni za abiria za Eurostar, zinazopita chini ya bahari kuingia Uingereza, nazo hazimpokei, isipokuwa mbwa wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu. Wanaofanikiwa kwa urahisi hupita na gari, kwa feri au kwa treni ya kubeba magari chini ya bahari.

Wakaao Uingereza, Ireland au Finland, hesabu yenu ya kurudi ina tegu, minyoo wa tumboni. Mbwa apewe dawa ya tegu na daktari, iandikwe na saa, kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Kwa safari fupi inawezekana kabisa kumpa dawa nyumbani kabla ya kuondoka na kurudi ndani ya muda huo, badala ya kuzunguka mji wa watu Jumapili mkitafuta kliniki iliyo wazi. Ukichelewa kurudi kwa sababu ndege imefutwa, saa 120 hazitakusubiri.

Ombi la pili linalonitoa jasho: "Na dawa ya kumlaza kwenye ndege." Hapana. Kwa mbwa anayesafiri sehemu ya mizigo, hapana kabisa. Asepromazini, dawa iliyozoeleka tangu zamani, hushusha shinikizo la damu na kuvuruga namna mwili unavyodhibiti joto. Mbwa anaweza kuonekana ametulia huku hofu imebaki palepale. Kilichoisha ni uwezo wa kuionyesha. Kreti ikiinamishwa hawezi kujizuia, na huko chini hakuna mtu wa kumwangalia. Mashirika mengi ya ndege yatamkataa akifika amelewa dawa. Mbwa wa pua bapa, yaani pug, bulldog na jamaa zao, ndio hatari zaidi, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kutweta na hawa hutweta kwa shida hata wakiwa sebuleni. Mashirika mengi hayawachukui sehemu ya mizigo, na nayaunga mkono.

Kwa mbwa mwoga anayekaa miguuni pa mwenye mbwa, ndani ya ndege au treni, kuna dawa za kupunguza wasiwasi kama gabapentini na trazodoni, ambazo hujaribiwa nyumbani siku za kabla. Huwa nazitoa. Lakini kusema kweli moyo wangu haujatulia. Kama mbwa anahitaji dawa ili aivumilie likizo, hiyo likizo ni ya nani?

Tuseme mmefika. Vienna, mbwa kwenye metro na tramu anavaa kamba na kifunga-mdomo, isipokuwa mdogo aliye ndani ya begi lake. Italia, mijini kamba isizidi mita moja na nusu na kifunga-mdomo uwe nacho tayari. Watu hukinunua siku ya safari, cha kitambaa kinachobana taya. Hicho hakimruhusu kutweta, na mbwa asiyeweza kutweta kwenye mji wa joto anaelekea kuzimia. Nunua cha wavu, kama kikapu, kinachomwezesha kufungua mdomo na kunywa maji, na umzoeshe wiki kadhaa kwa kumlisha vitu vitamu kupitia humo. Mbwa anayevalishwa kwa mara ya kwanza kituoni atakitoa kwa kucha mbele ya kila mtu.

Angalia pia kama aina ya mbwa wako inaruhusiwa. Denmark imepiga marufuku aina 13 tangu 2010, na Uingereza iliongeza XL Bully mwishoni mwa 2023. Kubishana na afisa kwamba wako ni mpole hakusaidii.

Na ukienda miji ya pwani ya Mediterania, mfikirie usubi. Huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, saa zilezile mnazokaa kwenye meza za nje, na hueneza leishmania, ugonjwa unaoweza kujificha miezi au hata miaka kabla ya dalili, na ambao matibabu yake mara nyingi huutuliza bila kuumaliza. Kola yenye deltamethrini ivaliwe wiki moja hadi mbili kabla ya safari, isiwe asubuhi ya kuondoka. Bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, lina mbu wanaoeneza minyoo ya moyo. Kinga yake hutolewa kwa mpangilio, kwa hiyo njoo mapema tuzungumze.

Baada ya yote hayo swali huwa: nimpeleke au nisimpeleke? Jibu langu hubadilika kulingana na mbwa. Kwa wiki tatu, kwa gari au treni, mbwa kijana aliyezoea watu, mpeleke. Kwa siku nne za makumbusho ambayo hayamruhusu kuingia, sioni anachopata zaidi ya lifti, lami ya moto na chumba kigeni alichoachwa peke yake. Lakini wapo wanaonirudia na mbwa mchangamfu kuliko alivyoondoka, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Ukiwa bado unasita, fanya jaribio kabla hujailipa maabara. Lala naye usiku mmoja katika nyumba ya wageni hapohapo nchini kwako, mwache chumbani nusu saa, na uache simu ikirekodi. Akilala, njoo tuanze na tarehe. Akilia tangu mlango ulipofungwa hadi uliporudi, mtafutie mtu wa kukaa naye.