Kinondoni Haikuhamwa: Kuhusu Ramani Zinazocheza

Wiki iliyopita mteja alinirudishia ramani nne za Dar es Salaam nilizozipanga kwenye ukurasa mmoja. Ujumbe wake: "Zimetulia mno. Zifanye zicheze, watu waelewe mabadiliko." Alitaka ramani zifuatane kwenye skrini kama filamu, moja ikigeuka kuwa nyingine. Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kupita kiasi, kwa hiyo naijibu hapa, na atakayekuja nayo kesho nitamtumia kiungo.

Tuchukue mfano wake huo huo: idadi ya watu kwa wilaya, sensa ya 2012 na ya 2022, rangi ikikoza pale palipo na watu wengi. Kinondoni mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,775,049. Mwaka 2022 ilikuwa na 982,328. Bonyeza kitufe uone: Kinondoni inapauka mbele ya macho yako, na aliyekaa mbele ya projekta anaapa kwamba watu karibu laki nane wamehama.

Hakuna aliyehama. Katikati ya sensa hizo mbili Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Sensa ya kwanza ilikuta wilaya tatu, ya pili ikakuta tano. Jumlisha Kinondoni na Ubungo za 2022 upate 2,069,240, yaani eneo lile lile limeongezeka watu karibu laki tatu. Kilichosogea ni mstari wa mpaka, lakini ramani imeonyesha watu wakisogea. Na programu huongeza kosa juu ya kosa, kwa sababu ukiiambia ilainishe mwendo inajaza yenyewe fremu za katikati, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Basi unaiona Kinondoni ya 2014, ya 2016, ya 2019, ikififia taratibu. Nani alihesabu watu miaka hiyo? Hakuna. Ni rangi iliyogawanywa sawasawa, na mtazamaji anaiamini kuliko jedwali, maana ameiona kwa macho yake.

Halafu kuna muda. Sensa zetu tangu Uhuru ni 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hesabu mapengo: 11, 10, 14, 10, 10. Ukiipa kila hatua sekunde moja, umebana miaka 14 ndani ya nafasi ya miaka 10, na mruko wa 2002 utaonekana wa kutisha hata kama kasi ya mwaka kwa mwaka haikubadilika. Jamani, sekunde kwenye ramani ya namna hii ni skeli. Hatuchori ramani ya kawaida yenye skeli moja upande wa Temeke na nyingine upande wa Ilala. Kwa nini muda tuufanyie hivyo?

Kuhusu macho nitasema kwa ufupi: yanafuata kinachotikisika. Temeke na Ilala zikibadilika kwa pamoja utaiona moja, na ukigeukia ufunguo wa ramani fremu imeshapita. Ramani nne zilizopangwa pamoja zinamruhusu mtu kurudi nyuma.

Sizikatai ramani zinazocheza. Mwaka 1970 mwanajiografia Waldo Tobler alitengeneza kwa kompyuta filamu ya ukuaji wa mji wa Detroit, Marekani, na humo ndimo ilimotoka ile kanuni tunayoikariri darasani: kila kitu kinahusiana na kila kitu kingine, ila vilivyo karibu vinahusiana zaidi. Filamu hiyo ilikuwa mwigo wa hesabu, si picha za mji wenyewe, naye alisema wazi kuwa ni mwigo. Ukuaji wa mji unafaa kuchezeshwa kwa sababu una mwelekeo na una ujirani. Dar es Salaam imeenea kwa kufuata barabara zake kuu: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Panga picha za setilaiti za Landsat, mwezi ule ule wa kila mwaka (ukichanganya masika na kiangazi mji utakuwa unawakawaka kijani na kahawia), uone mabati yakitangulia kando ya barabara kupita Kimara hadi Mbezi, kisha yakishuka kujaza mabonde. Hapo mwendo unaeleza jambo ambalo picha mbili haziwezi kulieleza.

Fremu ikae sekunde ngapi? Nimejaribu moja, mbili, tatu, na bado sina kanuni. Ninachoshikilia ni kitufe cha kusimamisha.

Kwenye mkutano mmoja wa mtaa niliicheza hiyo ya mabati. Mara ya kwanza ukumbi ulikuwa kimya. Mara ya pili mama mmoja akasimama: "Mwanangu, simamisha hapo hapo." Akaja hadi ukutani, akaweka kidole. "Hapa ni kwangu. Mwaka huu nilikuwa nimeshahamia. Mbona umeweka pori?" Chembe moja ya picha ile ni mraba wa mita 30 kwa 30, na nyumba yake, alivyonieleza, ilikuwa chini ya mwembe. Fremu tatu mbele mwembe ulikatwa, bati likaonekana, na ramani yangu ikaandika kwamba ndipo alipofika.